Mgema, Tembo na Jina la Mahali: Namna ya Kuisoma Chupa ya Divai

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa methali hii mapema, akaelezwa kwamba inamkanya mtu anayelewa sifa. Ni nadra kuulizwa swali la pili: je, mnywaji afanye nini ili tembo lisitiwe maji? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuyaangalia maeneo ya Ulaya yatengenezayo divai, jinsi yalivyomdhibiti mgema wao, na jinsi mtu aliyesimama mbele ya rafu ya duka mjini Embu anavyoweza kuchagua chupa inayostahili fedha zake. Hatumhimizi yeyote kunywa. Wapo miongoni mwetu ambao dini au hiari imewaepusha na kileo, na sheria ya Kenya hairuhusu auziwe aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, kuisoma chupa ni elimu ya lugha, na hapa Embu tumewahi kuiona gharama ya kuikosa.

Maneno kabla ya kinywaji

Tembo la methali ni utomvu wa mnazi uliochachuka. Kiambishi -li- katika hulitia chatosha kutuonyesha kwamba tuko katika ngeli ya LI-YA, wala hatumzungumzii mnyama wa porini. Kinywaji cha zabibu, kwa upande wake, kina majina mawili, yote ya mkopo. Mvinyo linatokana na vinho la Kireno. Lilisalia pwani pamoja na pipa na meza baada ya Wareno kung'olewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Divai nalo linanasibishwa na du vin la Kifaransa, na ndilo neno lililotumiwa na wafasiri wa Biblia ya Union Version katika kisa cha arusi ya Kana. Kwa kuwa mvinyo limewahi pia kutumiwa kwa maana ya vileo vikali, sisi tutatumia divai kwa maana mahususi: maji ya zabibu ambayo sukari yake imegeuzwa kuwa kileo na hamira. Maana hii yafaa ikumbukwe, kwani ndiyo kipimo cha mambo yote yatakayofuata.

Mgema wa Ulaya alivyodhibitiwa

Katika sehemu kubwa ya Ulaya, divai haiitwi kwa jina la tunda bali kwa jina la mahali. Bordeaux, Champagne, Chianti, Rioja na Porto ni majina ya miji, wilaya au majimbo kabla ya kuwa majina ya vinywaji. Sababu ni kwamba zabibu hubadilika kwa kufuata udongo, mteremko, mvua na jua. Mkulima wa Embu hahitaji kufafanuliwa jambo hili kwa kirefu. Anajua kwamba chai hustawi juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, kahawa huja chini yake, na ukiteremka Mbeere unakuta nchi kavu ya mtama na mizinga ya nyuki.

Lakini jina likishasifiwa, mgema huja na ndoo ya maji. Katika karne ya 18, divai ya bonde la mto Douro nchini Ureno ilipendwa mno na Waingereza. Wafanyabiashara wakaanza kuichanganya na divai duni na kuitia rangi kwa tunda jeusi la kichaka kiitwacho sabugueiro. Sifa ilipoporomoka, bei nayo ikaanguka. Mwaka 1756 serikali ya Ureno, chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, iliunda kampuni ya kusimamia biashara hiyo, na mipaka ya eneo la Douro ikaanza kuwekwa. Vichaka vile navyo viliamriwa ving'olewe.

Ufaransa ilipita njia ya machungu zaidi. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne waliandamana kwa hasira, wakavunja mapipa na kuchoma nyumba za wafanyabiashara waliotuhumiwa kuleta zabibu kutoka mbali na kuziuza kwa jina la Champagne. Hatimaye mwaka 1935 nchi hiyo ilipitisha sheria ya majina ya asili yaliyodhibitiwa. Italia ilifuata kwa sheria ya mwaka 1963. Sheria hizi hutaja mipaka ya eneo, aina za mizabibu inayoruhusiwa, kiwango cha mavuno kwa hekta na, mara nyingine, muda wa kuhifadhi divai kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo jina la mahali juu ya chupa ya Ulaya si pambo. Ni ahadi ambayo mwenye kuivunja aweza kushtakiwa.

Namna ya kuisoma lebo

Kwanza, tafuta jina la mahali na upana wake. Kadiri eneo linalotajwa linavyokuwa dogo, ndivyo masharti yanavyoelekea kuwa makali. Chupa iliyoandikwa Bordeaux pekee yaweza kutoka popote katika eneo hilo kubwa. Iliyoandikwa Pauillac imetoka katika wilaya moja ndogo ndani yake. Hilo halina maana kwamba ya pili itakupendeza zaidi, ila unajua unacholipia.

Pili, fahamu tunda lililojificha nyuma ya jina. Divai nyekundu ya Bourgogne hutokana hasa na zabibu za Pinot Noir, na nyeupe yake Chardonnay. Chianti na Rioja nyekundu hutegemea Sangiovese na Tempranillo kwa mfuatano huo. Katika bonde la Mosel, Ujerumani, Riesling ndiyo itawalayo.

Tatu, soma maneno madogo. Katika Rioja, Crianza nyekundu imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati yake ndani ya pipa la mwaloni. Reserva miaka mitatu. Gran Reserva mitano. Neno Trocken kwenye chupa ya Kijerumani humaanisha divai isiyo na utamu wa kuhisika sana. Maneno kama "bora" au "maalumu", yasiyofungwa na sheria yoyote, yasikushughulishe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nne, tazama mwaka na kiwango cha kileo. Mwaka ni wa mavuno, si wa kujaza chupa. Divai nyingi za bei nafuu hunuiwa zinywewe zingali changa, hivyo ukongwe peke yake si sifa. Divai ya kawaida huwa na kileo cha takriban asilimia 11 hadi 15, ilhali Porto, inayoongezwa pombe kali ya zabibu, hukaribia asilimia 20.

Tano, epuka kulipia umaarufu bila sababu. Crémant ya Ufaransa hutengenezwa kwa kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama Champagne, lakini nje ya eneo hilo, na kwa kawaida bei yake huwa ya chini. Hatimaye, iangalie rafu yenyewe. Chupa iliyosimamishwa dirishani ikachomwa na jua kwa miezi imeharibika hata kama jina lake ni tukufu.

Kurudi nyumbani

Afrika Mashariki nayo ina jina la mahali. Zabibu za Dodoma, ambako kilimo hicho kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana kwa mkulima wa Bordeaux. Embu haina divai ya zabibu, lakini ina muratina. Jina hili ni la tunda la mti wa mwegea. Tunda hukaushwa, likatiwa katika maji yenye asali au ya miwa, nalo likabeba hamira ya upishi uliotangulia hadi ule unaofuata. Wazee walikinywa kinywaji hiki katika mazungumzo ya mahari, na aliyekipika alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Hapo palikuwa na udhibiti usioandikwa: mpishi aliyeharibu pombe ya posa aliaibika mbele ya koo mbili.

Udhibiti huo haukuhamia kwenye chupa ya dukani. Mwezi wa Mei mwaka 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya, baada ya kunywa kileo kilichokuwa na methanoli. Wengine walipofuka. Ulimi wa mnywaji hauwezi kuitambua methanoli. Mgema wa leo hatii maji tu. Ndiyo sababu mnunuzi wa Embu, kabla ya kufikiria Pauillac, hana budi kutazama kama kizibo kimefunguliwa, kama stempu ya ushuru ipo, na kama mtengenezaji ametajwa. Mamlaka ya Mapato ya Kenya imetoa programu ya simu ya kuhakiki stempu hizo. Inaitwa Soma Label, na nusu ya jina hilo ni ushauri kamili.

Hitimisho

Tumeona kwamba thamani ya chupa ya Ulaya haikuletwa na udongo pekee, bali pia na watu waliokataa jina la kwao litumiwe na kila mtu. Asali ya Mbeere na muratina ya Embu zina ladha, zina historia na zina wajuzi. Zilichokosa ni jina lililowekewa masharti. Kazi ya kuweka sheria si yetu. Iliyo yetu ni ile inayoitangulia: kukusanya msamiati wa upishi huu katika Kiembu, Kimbeere na Kimeru, kuueleza kwa Kiswahili sanifu, na kuufanya hivyo wangali hai wazee wanaoufahamu. Kitu kisichoelezeka kwa maneno hakiwezi kuandikiwa masharti, na kisicho na masharti hutiwa maji na yeyote.