Elimu ya mlimani na ishuke hadi Mkuyuni

Atokaye katikati ya jiji la Mwanza kwa daladala kuelekea Nyegezi hupita Mkuyuni. Kila asubuhi barabara hiyo hubeba wanafunzi waendao Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Upande wa pili, juu ya kilima cha Bugando, kipo chuo kikuu cha tiba kilichoanza mwaka 2003 kando ya hospitali ya rufaa. Kwa hiyo wakazi wa Mkuyuni wanaishi baina ya vyuo vikuu viwili. Lakini tukijiuliza ni wazazi wangapi miongoni mwetu waliokwisha kuketi katika ukumbi wa chuo kusikiliza mhadhara wa hadhara, siku ambayo hakuna mtoto wao anayehitimu, jibu tunalijua wenyewe.

Wengi wetu hudhani kwamba mihadhara ile ni ya wasomi, na maonyesho ya mashairi na muziki ni ya vijana wa chuo. Wengine husita kwa kuwa vyuo vyote viwili ni vya Kanisa Katoliki. Dhana hizo mbili zinatugharimu, na gharama yake tunaweza kuionyesha kwa mfano mmoja ulio karibu na milango yetu.

Tuuchukue ugonjwa wa kichocho. Mzazi wa pwani ya ziwa akisikia neno hilo hufikiri mara moja juu ya mtoto anayekojoa damu. Asipoiona damu hiyo, hutulia. Kumbe kichocho kilichoenea zaidi kando ya Ziwa Victoria ni kile cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya katika ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua, kisha minyoo huishi katika mishipa ya damu ya tumbo. Dalili zake ni kuumwa tumbo, kuhara na pengine damu katika choo kikubwa. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi, huharibu ini. Dawa yake ipo, nayo ni prazikwanteli. Tena maji ya ziwani yaliyochotwa bila konokono na kutulia chomboni kwa siku mbili hupoteza hatari hiyo, kwa sababu vijidudu hivyo haviishi muda mrefu nje ya konokono. Mwenye kuchota maji ya ziwa kwa kuoga au kutawadha ana haja kubwa ya kulijua hilo.

Wataalamu wa Bugando na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wameuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Matokeo yao yamechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya kitaalamu. Elimu imebaki mlimani, na ugonjwa uko ufukweni. Mhadhara wa hadhara, kwa Kiswahili, ndio ngazi ya kuiteremsha elimu hiyo kwa mama anayefua na kijana anayevua dagaa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 ikiwa tawi la Chuo cha Makerere, kwa lengo la kuwafundisha wasio wanafunzi wa chuo. Baadaye iliwekwa chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikapewa sheria yake ya kujitegemea. Taasisi hiyo ndiyo iliyoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walijikusanya katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wazee wetu walioshiriki hawakuulizwa vyeti. Waliulizwa kama wako tayari kusikiliza na kutenda.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Kuanzia mwaka 2009 kigoda hicho kiliandaa tamasha la wanazuoni katika mwezi wa Aprili, mwezi aliozaliwa Mwalimu kule Butiama, mkoani Mara. Mwaka wa kwanza alialikwa Wole Soyinka wa Nigeria, na mwaka 2010 Samir Amin wa Misri. Mihadhara mizito iliandamana na mashairi na muziki. Hekima yake ni dhahiri: wapo watu wanaovutwa na hoja, na wapo wanaovutwa kwanza na sauti, kisha wakabaki kusikiliza hoja.

Ama kuhusu muziki, tunajua kwamba wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Sisi hatuingii huko. Tunasema tu kwamba usiku wa mashairi, wa kaswida na dufu, au wa ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu, waweza kuwa mlango wa kuwakutanisha majirani wasiojuana.

Na wale wanaosita kwa sababu ya jina lililoandikwa getini, tunawaomba wakumbuke kwamba watoto wetu wengine wanasoma humo humo, kwani SAUT hupokea wanafunzi wa dini zote. Mhadhara wa kichocho si ibada ya mtu yeyote. Tukumbuke pia asili yetu wenyewe. Al-Qarawiyyin ya Fes, nchini Morocco, ambayo historia inasimulia kwamba iliasisiwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859, ilikuwa msikiti kabla ya kuitwa chuo kikuu. Shekhe aliketi penye nguzo, watu wakamzunguka, na mpita njia akaweza kuketi nyuma akasikiliza. Darsa zetu za baina ya Alasiri na Magharibi zimefuata mtindo huo huo. Anayejua kukaa darsani anajua tayari kukaa mhadharani.

Kwa wakuu wa vyuo tuna maombi manne. Mihadhara ya wananchi itolewe kwa Kiswahili. Saa ziwe za alasiri, ili mama na binti warudi nyumbani kabla ya giza. Tangazo lisibandikwe chuoni tu, bali lifike sokoni, misikitini, makanisani na kwenye mialo ya wavuvi. Na baada ya hotuba, nusu ya muda iachwe kwa maswali, kwa kuwa mvuvi naye anayo yake ya kumfundisha profesa juu ya ziwa.

Kwa familia, wasia wetu ni mfupi. Tangazo likifika, twende baba, mama na watoto. Mtoto mmoja apewe daftari aandike mambo matatu aliyoyaelewa na moja ambalo hakulielewa. Lile asilolielewa ndilo aliulize, hata kama sauti itatetemeka. Usiku huo, baada ya chakula, amsimulie bibi aliyebaki nyumbani.

Chuo kikuu hujengwa kwa ada na kodi za watu, na hupata maana kwa manufaa ya watu. Kikikaa jirani nasi miaka ishirini bila sisi kujua kinachosemwa ndani, hasara ni yetu na ni yake. Twende tukabishe hodi.

Wabillahi tawfiq.