Kora na Udi Ndani ya Jumba la Opera

Wapenzi wengi wa muziki hudhani kwamba jumba la kale la opera halimfai mpiga kora wa Mali wala kikundi cha taarab, kwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya watunzi wa opera kama Verdi. Ukilipima kwa sauti, utaona ni kinyume chake.

Chukua La Scala ya Milan, iliyofunguliwa mwaka 1778, enzi ambayo mwimbaji hakuwa na maikrofoni. Msanifu wake, Giuseppe Piermarini, aliupa ukumbi umbo la herufi U, akazungusha safu za vyumba vidogo vya watazamaji, na juu yake roshani. Mapazia, viti vya mahameli na watu wapatao 2,000 hunyonya sauti. Ukumbi ukijaa, mwangwi huisha kwa takriban sekunde 1.2. Katika Musikverein ya Vienna, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya okestra, hudumu karibu sekunde 2.

Tofauti hiyo si ndogo masikioni. Kora ina nyuzi 21, na mpigaji huzidonoa kwa kasi kwa vidole vya gumba na vya shahada. Mwangwi mrefu huzifanya noti zipandane. Mwangwi mfupi huiacha kila moja isikike. Ndivyo ilivyo pia kwa udi na kanuni, vyombo vinavyobeba taarab ya Zanzibar, na kwa maneno ya mwimbaji, ambayo ndiyo roho ya taarab. Wanaopungukiwa ni wanakwaya, kwani sauti za pamoja hunoga katika mwangwi mrefu kama wa kanisa kubwa.

Kinachoharibu ni spika. Sauti ikikuzwa kupita kiasi hugonga kingo za roshani na kurudi imechelewa, nayo midundo ya ngoma huvurugika.

Unapokata tiketi, epuka viti vya nyuma ndani ya vile vyumba vidogo: sauti haifiki huko vizuri. Keti mbele, au panda roshani ya juu kabisa. Huko bei huwa nafuu na sauti mara nyingi ni safi.

Nanyi waandaaji, wafungulieni wanamuziki hawa milango ya kumbi hizi, kisha mpunguze spika. Jengo lenyewe linajua kazi yake.