Gesi ya friza hupooza bidhaa, hupooza pia kompresa

WAUZA samaki, nyama na maziwa wengi wanajua kwamba kazi ya gesi ya friza ni kuleta baridi. Wanaojua kwamba gesi hiyo hiyo ndiyo inayoipooza kompresa isiungue ni wachache. Friza yenye gesi pungufu haikosi baridi tu, bali hujiharibu taratibu huku ikila umeme wa mwenye duka.

Kompresa ikiungua, hasara huwa mbili: kipuri chenyewe, ambacho kwa kawaida ndicho ghali kuliko vyote katika friza, na bidhaa iliyokuwa ndani. Maziwa yanatakiwa yafikie nyuzi joto 4 za Selsiasi ndani ya saa mbili au tatu baada ya kukamuliwa. Hayawezi kumsubiri fundi.

Inavyofanya kazi

Katika friza ndogo, mota na pampu vimo ndani ya chungu cheusi cha chuma kilichochomelewa pande zote, kwa hiyo hakuna upepo unaoingia kuipooza mota hiyo. Gesi ikishanyonya joto la samaki au maziwa, hurudi kwenye kompresa kwa bomba nene ikiwa bado ya baridi. Hupita kwenye mota, huchukua sehemu ya joto lake, kisha pampu huigandamiza na kuisukuma kwenye koili za nje. Huko joto lote hutupwa hewani.

Gesi ikivuja, inayorudi huwa kidogo. Baridi haifikii kiwango kilichowekwa, hivyo kompresa haizimi. Mota inafanya kazi muda mrefu zaidi huku ikipoozwa kidogo zaidi. Oili huchoka, ngozi ya waya za mota huharibika, na mwisho wake ni shoti.

Kumbuka kwamba gesi ya friza hailiwi kama mafuta ya gari, kwani huzunguka mahali palipofungwa. Friza inayoongezwa gesi kila baada ya miezi michache inavuja, na dawa yake ni kuziba tundu kwanza.

Dalili za kuangalia

Gesi ikipungua, barafu hushika sehemu moja tu ya koili za ndani, kompresa haipumziki, na koili za nje huwa na uvuguvugu tu. Koili za nje zikiwa za moto sana, gesi huenda haina kosa. Tatizo laweza kuwa vumbi, feni iliyokufa, au friza kubanwa ukutani. Zima umeme, safisha koili, acha nafasi ya hewa, kisha angalia tena kabla ya kumwita fundi wa gesi.

Ukisikia 'tik' na kompresa ikazima yenyewe, kinga ya joto imekata umeme ili kuiokoa mota. Usimruhusu fundi aiondoe kinga hiyo na kuunganisha moja kwa moja.

Gesi ikizidi nayo ni hatari. Bomba la kurudi likishika barafu hadi kwenye kompresa, huenda gesi inarudi ikiwa bado maji maji. Pampu haiwezi kugandamiza maji, na oili husombwa. Kibao cha friza kinaonyesha aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, kwa hiyo mtake fundi apime kwa mizani.

Hesabu ya umeme

Tuchukulie friza ya wati 200 ambayo ikiwa nzima hufanya kazi saa 12 kwa siku. Itatumia uniti 2.4. Ikikosa gesi na kukesha saa 24, itatumia uniti 4.8. Kwa siku 30 tofauti ni uniti 72. Zidisha kwa bei unayonunulia umeme, kisha linganisha na gharama ya kuziba tundu.

Kwa vikundi na ushirika

Wenye matangi ya maziwa wakague sponji nyeusi inayofunika bomba la kurudi. Ikichanika, gesi hupata joto la hewa njiani na kuifikia mota ikiwa imeshapoteza ubaridi wake.

Vikundi vinavyofikiria mtambo mkubwa wa barafu wa amonia viulize oili ya kompresa inapoozwaje. Maji yenye chumvi au tope huziba mabomba. Njia nyingine ni kuingiza amonia ya maji ndani ya kompresa. Vifaa vyake ni rahisi, lakini hupunguza ufanisi wa kompresa. Ya tatu ni kuweka tangi la amonia juu ya kipooza oili. Amonia hushuka kwa uzito wake, huchemka kwa joto la oili, na mvuke hupanda wenyewe kwenda kupoozwa tena bila pampu na bila kuielemea kompresa. Ujenzi wake hugharimu zaidi, lakini mtambo unaofanya kazi mchana na usiku unaweza kuirudisha gharama hiyo kupitia umeme.

Unaponunua

Gesi ya R22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na zitapunguza kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030. Mtumba wa R22 waweza kuwa rahisi leo na kukosa gesi kesho.

Friza nyingi mpya hutumia R600a, ambayo huwaka moto. Fundi asichomelee bomba ambalo bado lina gesi hiyo, na kamwe usikubali friza ya R134a ijazwe gesi ya kupikia.

Fundi akija, muulize maswali matatu kabla ya kumlipa: tundu liko wapi, ameliziba vipi, na ameweka gramu ngapi. Asiyeweza kuyajibu utamwita tena baada ya miezi michache.