Upepo Kiunoni, Maumivu Vidoleni

Katika ufukwe wa Paje, kusini-mashariki mwa Unguja, anayejifunza kaiti, mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na kishada, hutambulika kwa mbali. Ameung'ang'ania mpini kama aliyening'inia kwenye tawi la mwembe, viwiko vimekakamaa, mabega yamepanda yakakaribia masikio. Saa moja baadaye anakaa mchangani na chupa ya maji, na kifuniko kinamshinda kufungua.

Ajabu ni kwamba mikono hiyo haikupaswa kuvutana na upepo. Mchezaji hufunga kiunoni mkanda mpana wenye ndoano, na kwenye ndoano hiyo hupachikwa kitanzi kinachoungana na kamba za kishada, zenye urefu wa mita 20 hivi. Karibu uzito wote wa upepo huishia kiunoni. Mpini ni usukani tu: ukivuta upande wa kushoto, kishada huelekea kushoto.

Kinachomponza mgeni ni hofu. Upepo ukivuma ghafla, naye huuvuta mpini kifuani ili apate pa kujishikiza. Kumbe kuuvuta ndiko kunakokiinamisha kishada kikamate upepo zaidi. Nguvu inaongezeka, hofu inapanda, vidole vinabana tena. Nahodha wa ngalawa angemshangaa. Yeye akizidiwa hulegeza demani, ile kamba ya tanga, nalo tanga likamwaga upepo. Kwenye kaiti pia, mpini ukisukumwa mbele, kishada hupoa.

Ila kwa nini viume vidole, na si mabega? Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu mithili ya kamba za vikaragosi. Misuli ikikazwa bila kupumzika hubana mishipa yake yenyewe ya damu, na ndiyo maana kigasha huwa kigumu kama gogo. Kano nazo hupita ndani ya ala nyembamba. Zikisuguliwa siku baada ya siku huvimba, na asubuhi moja kidole hukunjwa kikagoma kunyooka, kisha kikafyatuka kwa mlio mdogo.

Kwenye kifundo, kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu hubanana katika njia moja finyu. Uvimbe wa hapo huleta ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ganzi inayomwamsha mtu usiku isipuuzwe, wala isifunikwe kwa vidonge vya maumivu ili arudi majini kesho.

Dawa ya kwanza iko kwenye vifaa. Kishada kikiwa kikubwa kuliko upepo wa siku hiyo, hakuna mkono utakaosalimika. Mkanda wa kupunguzia nguvu ya kishada, si ule wa kiunoni, urekebishwe hadi mpini ukae mahali ambapo viwiko vimekunjika kidogo, maana mikono iliyonyooshwa hadi mwisho huning'inia kwa ncha za vidole. Glavu nene nazo si rafiki: huunenepesha mpini, na kitu kinene hudai mkazo zaidi. Majini, mchezaji aachie mkono mmoja kila baada ya muda, autikise, kisha abadilishe.

Nyumbani, raba ya kufungia noti inatosha kwa zoezi: ivishwe vidole vyote vitano, kisha vitanuliwe taratibu. Misuli ya kufungua mkono husahaulika sana. Kidole kinachokwama huhitaji mapumziko, wakati mwingine gango la usiku. Kisipopoa, daktari anaweza kuchoma sindano ya kupunguza uvimbe au kufanya upasuaji mdogo.

Kamba zina hatari ya namna nyingine kabisa. Ni nyembamba kuliko kamba ya kiatu, lakini hubeba mamia ya kilo, na zikikazwa ghafla hukata kama wembe. Asizizungushe mtu mkononi hata kwa sekunde moja, hata kishada kikiwa kimelala majini. Aliyekatwa akaona ncha ya kidole haikunjiki, huenda kano imekatika, na huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha lenyewe ni dogo kama mchubuko wa chaza.