Devi ya paa: bati ngapi, kabla viazi havijauzwa

Mavuno ya viazi yakiisha, huku Kipese watu wanaanza kuongea mabati. Kuna nyumba zilizovumilia nyasi miaka mingi. Kuna nyingine zilizoongezwa chumba cha shitingi ili kupokea ndugu waliokimbia, tangu vita vilipofika Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024. Wote wanatafuta paa la kweli, na swali ni lile lile: bati moja ni bei gani Butembo?

Sisi tunaona hilo ni swali la pili. Bei inapanda na kushuka pamoja na dola, hali ya barabara na mambo ya mpaka wa Kasindi. Bei ya leo si ya mwezi ujao. Swali la kwanza ni bati ngapi, na hilo unaweza kulijibu nyumbani kwa kamba na mita, bila kulipa mtu.

Tuchukue nyumba ya urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Wengi wanapiga 8 mara 6, wanapata mita za mraba 48, wanagawa kwa ukubwa wa bati la mita 3, kisha wanaenda kununua bati 19. Hesabu hiyo ni ya sakafu, si ya paa. Paa linatoka nje ya ukuta, linapanda, na mabati yanalaliana.

Tupime upya. Paa likitoka nusu mita kila upande (kuta za udongo zinahitaji hivyo, mvua isizile), urefu unakuwa mita 9 na upana mita 7. Kutoka ukingoni hadi katikati ni mita 3,5. Mgongo wa paa ukiinuka mita 1 na sm 20, mteremko wa upande mmoja unafika mita 3,7. Bati la mita 3 halitoshi. Unaongeza kipande cha mita 1, na la juu linalalia la chini kwa sm 30. Bati moja linakatwa vipande vitatu.

Sasa upana. Bati la sm 85, ukililaza juu ya jirani yake kwa sm 10, linafunika sm 75. Mita 9 zinataka mistari 12. Kwa hiyo upande mmoja ni bati 12 nzima, na 4 za kukata: 16. Pande mbili ni 32. Si 19! Pima bati la dukani mwenyewe, maana upana haufanani, na sm 5 tu zinaweza kubadilisha hesabu yote.

Hizo bati 13 zinazokosekana ndizo zinazotuletea shida kwenye koperative. Nyumba imeshafunuliwa, fundi anangoja, wingu limeshuka. Hapo ndipo mtu anauza viazi vya mbegu, au anakopa kwenye AVEC feza ambayo hakupanga namna ya kuirudisha. Msimu unaofuata anapanda nusu shamba.

Kwa yule ambaye bado hajasimamisha kuta: nyumba ya mita 9,5 kwa 5 ina sakafu karibu sawa na ile ya 8 kwa 6. Paa likitoka sm 30 upande wa mteremko na kuinuka mita 1, bati moja la mita 3 linafika bila kiraka. Ukiacha nusu mita kila mwisho, ni bati 28. Umeokoa 4, na kazi ya kukata.

Tuendelee na ile nyumba ya kwanza. Kofia za mgongo wa paa, zikiwa za mita 2, ni 5. Mbao za kupigilia mabati: mistari 5 kila upande, jumla mita 90, kwa mbao za mita 4 omba 25, sababu zinakatwa. Misumari ya bati, mitatu kila mbao inapopita chini ya bati, ni 360, na mingine 40 ya kofia. Muulize mwenye duka kilo moja inabeba mingapi. Miti ya kubeba paa ni karatusi, na hapa tunabishana na wanachama kila mara. Wanasema karatusi ni ya shamba langu, haina bei. Ina bei, sababu ungeweza kuiuza mbao au makala. Iandike. Na uikate mapema, uitoe ganda, uiache ikauke kivulini. Mti mbichi unajipinda na misumari inalegea.

Namba ya BG inawadanganya wengi: kubwa zaidi ni nyembamba zaidi. BG 32 ni nyepesi kuliko BG 28. Usilinganishe bei za maduka mawili bila kujua namba.

Kisha kuna usafiri, fundi (patana kazi nzima, lipa kwa vipande), na chakula na kasiksi ya watu wa salongo. Juu ya jumla ongeza sehemu moja ya kumi. Mabati ya zamani toa bei yake: yenye matundu bado yanafunika jiko au kibanda cha mbegu.

Na mfereji wa maji? Paa hili linakusanya juu ya mita za mraba 63. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 630, hata zikipotea kidogo. Wanaobeba bidoni kutoka chini ya kilima watakuambia kama mfereji ni wa anasa.

Mwezi wa 6 na wa 7 mvua inapungua, na huo ndio wakati mzuri wa kufunua nyumba, vitu vyote vikiwa tayari uani. Wenye devi iliyokamilika wailete kwa mwandishi wa koperative yao kabla ya hapo: nyumba tano zikinunua pamoja zinakodi gari moja, na mwenye duka anaongea bei kwa namna nyingine akiombwa bati 160.