Kwa nini sahani zangu ziligeuka kijani: mazingira yanayoifaa maiselia ya uyoga

Chukua uyoga wa mamama, uupasue kwa mkono, ukate kipande kidogo cha nyama ya ndani ukiweke kwenye sahani ya petri yenye chakula. Baada ya siku mbili tatu utaona nyuzi nyeupe, laini kama pamba, zikitambaa kutoka kwenye kipande. Hiyo ndiyo maiselia. Uyoga tunaoula ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni hizo nyuzi, na ndizo tunazozihamishia kwenye mtama uliochemshwa ili kupata "mbegu" anayonunua mkulima. Mbegu ikiwa imeingiliwa na ukungu mwingine, mkulima anapoteza mifuko yake, na kosa linakuwa limeanzia huku maabara.

Nilipoanza shahada ya uzamili nilipoteza karibu sahani zote za wiki moja. Na kitabu nilikifuata! Viazi gramu 200, glukosi gramu 20, agari gramu 15, maji lita 1, pH karibu 5.6, kisha otoklevu nyuzijoto 121 kwa dakika 15. Inkubeta nikaiweka 28. Siku ya nne, kijani kitupu.

Huyo mgeni wa kijani anaitwa Trichoderma. Mamama huhitaji siku 7 hadi 10 hivi kujaza sahani ya milimita 90. Yeye siku 3 au 4 zinamtosha. Anapenda joto na uasidi uleule tunaoupenda sisi. Kwa hiyo usitegemee kwamba kuna joto litakalompa mamama ushindi kama mbegu za ukungu zimeshaingia. Usafi kwanza: zima feni, funga dirisha, fanya kazi karibu na moto wa taa ya spiriti, na kifuniko ukiinue kidogo tu.

Sasa, joto. Maiselia ya mamama hukua vizuri kati ya nyuzijoto 25 na 28. Ikizidi 30 inaanza kuzubaa, wakati Trichoderma bado anakimbia. Nilipokuja kuweka kipimajoto ndani ya inkubeta, rafu iliyo karibu na koili ilisoma 32, huku kioo cha nje kikiendelea kuniambia 28. Yaani nilikuwa namwamini mlinzi wa getini kuhusu mambo ya chumbani.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Nilimimina agari ikiwa moto sana, mvuke ukagandia kwenye kifuniko, matone yakadondoka na kusambaza uchafu sahani nzima. Subiri ishuke karibu na 50, na ikishaganda igeuze sahani, kifuniko kiwe chini.

Mwanga hauhitajiki hatua hii, maiselia inakua gizani bila shida. Hewa ukaa pia inaivumilia sana. Mwanga na hewa safi vitadaiwa baadaye, uyoga wenyewe unapotaka kutokeza. Ila usizibe chupa kabisa, maana maiselia nayo inapumua. Pamba kavu mdomoni inatosha.

Ukifika kwenye chupa za mtama kuna mtego ambao sahani haina. Maiselia ikila nafaka inatoa joto lake yenyewe, hivyo katikati ya chupa panaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya hewa ya chumba. Chumba kikiwa 28 na chupa zimebanana, ndani umeshavuka 30 bila kujua. Kama uko Dar mwezi wa Februari na huna kiyoyozi, hilo si jambo la kufikirika. Ndiyo maana kwenye chupa napendelea chumba cha 24 au 25, hata kama nyuzi zitachelewa siku moja mbili. Zangu sasa nazipanga zikiachana vidole viwili, na kipimajoto kinakaa katikati yao, si mlangoni.