Plastiki Iliyofungwa Mafundo

Kipande cha ganda la waya wa umeme huning'inizwa ndani ya tanuri lenye nyuzijoto 200 za Selsiasi, kikafungiwa uzito kwa chini, kikaachwa dakika 15. Kikirefuka kupita asilimia 175, waya umefeli. Ganda lenyewe ni polithini, plastiki ileile ya madumu ya maji na mifuko ya maziwa, ambayo huyeyuka kabla ya kufika nyuzijoto 140.

Molekyuli za polithini ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, iliyolala pamoja kwa mvuto hafifu tu. Joto likizidi, minyororo huteleza na plastiki humiminika. Kiwandani minyororo hiyo hufungwa mmoja kwa mwingine, kama nyuzi zinavyofungwa mafundo hadi zikawa wavu. Kazi hiyo aghalabu hufanywa na peroksaidi: ikipata joto huvunjika, vipande vyake hupokonya hidrojeni kwenye minyororo, na kaboni iliyoporwa hushikana na kaboni ya mnyororo jirani. Wengine hutumia miale ya elektroni.

Husemwa kwamba plastiki hii haiyeyuki. Si kweli kabisa. Fuwele zake huyeyuka karibu palepale zilipokuwa zikiyeyuka zamani, na ganda hulegea na kuvutika. Ila mafundo hayaliachi limiminike, na kwa fundi umeme hilo ndilo lenye maana. Waya wenye ganda la PVC ya kawaida huruhusiwa kufikia nyuzijoto 70 ukiwa kazini. Wa polithini iliyofungwa hufika 90, na shoti ikitokea huvumilia 250 kwa sekunde chache. Kwa hiyo shaba ya unene uleule hubeba umeme mwingi zaidi.

Je, mafundo yakiongezwa, nguvu nayo huongezeka? Hapa ndipo wengi hupotoka. Charles Goodyear alipochanganya mpira na salfa mwaka 1839 na kuupasha moto, alipata kitu kinachovutika na kurudi. Salfa ndiyo iliyofunga mafundo kati ya minyororo ya mpira, na sehemu chache kwa mia hutosha. Ikikaribia theluthi, hupatikana eboniti, ngumu na isiyovutika. Bakelite, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ina mafundo mengi mno: mpini wa sufuria uliotengenezwa kwayo huungua bila kuyeyuka, lakini ukianguka vibaya hupasuka.

Gharama ya mafundo huonekana kwenye vyuma chakavu. Shaba ya waya kuukuu ina mnunuzi siku zote. Ganda lake haliwezi kuyeyushwa likawa dumu jipya. Likipata bahati, husagwa na kuchanganywa kama kijazio.

Mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake jijini Paris walitangaza plastiki ya aina nyingine, vitrima. Ikipashwa moto, mafundo yake hubadilishana wenzi huku idadi yake ikibaki ileile, na hivyo wavu mzima hufinyangwa upya bila kufumuka.